Mchoro wa Kukhu na Mavi ya Umm Salal

Enzi zetu, sisi tuliolelewa kwenye nyumba za udongo kule Bungoma, Desemba haikuanza na taa za rangi wala miti ya dukani. Ilianza na mavi ya ng'ombe. Shule zikifungwa tu, bibi yetu, Kukhu, alitutuma zizini na karai, na ole wako urudi na ya jana. "Nataka yanayotoa moshi," alikuwa akisema. "Hayo yaliyokauka mpelekee mwalimu wako." Tuliyakanyaga na udongo na majivu mpaka vidole vya miguu vikapotea. Harufu yenyewe mnaijua. Siku ya kwanza unashika pua, siku ya pili unasema hiyo sasa ni Krismasi.

Nyumba ikishasiribwa, Kukhu alianza kuchora. Nyekundu ilitoka kwenye kichuguu, nyeupe mtoni, na nyeusi kwenye betri za redio zilizokufa. Mchoro wake ulikuwa mawimbi yaliyopandana, na katikati yake macho ya duara, kuzunguka nyumba nzima. Alichora kwa vidole vitatu, na akianza hakuvitoa ukutani isipokuwa kuchovya rangi. Sisi wasichana tulimfuata nyuma tukiiga. Ukikosea, alifuta kwa kiganja, na wewe akakufuta machozi kwa kiganja hicho hicho.

Kila boma lilikuwa na mchoro wake. Msichana akiolewa, aliuacha wa kwao na kujifunza wa mama mkwe. Hapo ndipo Nasimiyu, mke wa baba yetu mdogo, alipojiletea balaa. Mwaka wake wa kwanza pale, alisiriba nyumba yake vizuri kabisa, kisha akachora pembe tatu za kwao alikozaliwa! Kukhu akaja kuona. Akasimama mlangoni.

"Nasimiyu, hii nyumba ni ya mwanangu au ya babako?"

"Ya mwanao, mama."

"Mbona inanisalimia kwa jina la kwenu?"

Akakataa kuingia. Akaketi nje kwenye jua kali, kikombe cha chai mkononi, na kila mgeni aliyepita alimwambia, "Mimi siingii kwa wakwe zangu bila kualikwa." Kesho yake asubuhi Nasimiyu alikuwa ukutani na maji na kitambaa, na sisi nyuma ya ghala tumeziba midomo kwa kucheka.

Sasa mnielewe kwa nini juzi nilikasirika hadi masikio yakawasha.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, mume wangu, ambaye ni dereva hapa Doha, alitupeleka kwenye jumba la sanaa. Kulikuwa na maonyesho ya michoro ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Nukta, mistari, miduara, kubwa kama mlango wa gereji. Kando ya mmoja wameandika kwamba mchoraji aliupokea kutoka kwa bibi yake, na hakuna wa nje anayeruhusiwa kuuchora bila idhini ya familia. Watu wenye manukato ya bei wanasoma na kutikisa vichwa. Mume wangu naye anatikisa.

"Hawa watu wana utamaduni, Mama Nekesa."

Binti yetu akamvuta shati. "Daddy, na sisi? Mwalimu anataka tulete sanaa ya familia Jumapili, wikendi ikiisha."

"Sisi hatuna, mami. Sisi ni watu wa kawaida. Nitakuagizia kinyago online."

Hatuna! Nilimtazama yule mwanamume, nikatazama nukta, nikamtazama tena. Mama yake alijenga kwa saruji zamani, kwao hakuna mchoro, ni kweli. Basi ndiyo aseme hatuna?

Lakini hasira zilipopoa kidogo nikaona shida. Nekesa ni mtoto wa boma la baba yake. Nikimfundisha mchoro wa kwetu, nimekuwa Nasimiyu. Nisipomfundisha, ataenda darasani na kinyago cha kiwandani. Nikampigia Kukhu simu ya video, binamu yangu akamshikia.

"Kukhu, naomba nimfundishe Nekesa mchoro wako."

"Mama mkwe wako amesemaje?"

"Yeye ana saruji, Kukhu."

"Pole yake." Akafikiri. "Na huo ukuta ni wa nani?"

"Si ukuta, ni ubao. Nyumba ni ya Mwarabu, sisi tumepanga."

"Kwa hiyo hamna ukuta wowote?"

"Hatuna."

"Basi nani atakataa kuingia? Mfundishe. Lakini yawe mabichi!"

Jumamosi nikamtuma Bwana Hatuna shambani Umm Salal, nje ya jiji, kwa rafiki yake anayechunga ng'ombe. Alirudi mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud na ndoo, madirisha ya gari yote wazi kwenye joto lile. Haris, mlinzi wa jengo, akamzuia kwenye lifti.

"Sadiki," akamwita, yaani rafiki, "hii nini?"

"Sanaa," akajibu, bila hata aibu.

Nekesa akaomba glavu. Kisha akaomba video ya kumwonyesha. "Video ni mimi," nikamwambia. "Yalla, mkono ndani!" Akalia, akaingiza kidole kimoja, kisha vitatu. Mara ya kwanza alitoa mkono kuuliza kama amemaliza, nikafuta. Mara ya pili ulimi ulikuwa nje, hakusikia hata nilipomwita kula.

Nilimtumia Kukhu picha. Siku hizi analala kwenye nyumba ya mabati aliyojengewa na wanawe, na ile ya udongo iliangushwa na mvua. Akaitazama muda mrefu, akauliza kama mtoto amenawa.

Enzi zetu mchoro ule ulijaa boma zima. Mvua iliufuta, kuku waliudonoa, mbuzi walijikunia humo, na hakuna aliyehuzunika, kwa sababu Desemba ilikuwa inakuja. Leo umebaki mmoja, ukutani darasani Doha, na mwalimu ameufunika kwa plastiki ili usiharibike. Ana nia njema, sikatai. Lakini nitamwomba auvue. Acha watoto wauguse, uchakae, ubanduke, ili Nekesa awe na sababu ya kuuchora tena.