Kinyozi na Ndege ya Doha

Kinyozi wetu wa Komarock akifika nyuma ya sikio, huzima mashine, hupuliza nywele zilizoangukia simu yake, kisha hukusomea tovuti mpya aliyoigundua. Siku moja ilikuwa ya pweza mwenye mioyo mitatu, nyingine ya vyoo vya Japani vinavyoongea. Jumamosi alikuwa na Ooko, bwana harusi, shavu moja limenyolewa, la pili bado msitu, msimamizi wake wa harusi akipiga honi nje.

“Buda, hii inaonyesha ndege zote angani. Hiyo inayotupitia imetoka Doha.”

“Maliza ndevu, pasta ananingoja!”

“Bibi harusi hana mabawa. Hii inapita.”

Ooko alisonya, akatoka na kitambaa shingoni, akakodoa macho juu.

“Na ile ndogo ya nyuma, inatoka wapi?”