Niliambiwa na-"groak" mezani kwa mzee wa watu hapa Brussels

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wao ni Mwingereza, Mzee Peter, mkewe alishatangulia, anakaa ghorofani karibu na uwanja wa Flagey. Namwogesha, namchemshia supu, anakula. Mimi nakaa dirishani nasubiri vyombo.

Kwetu huwezi kupeleka tonge mdomoni mwenzio yupo, halafu ukakausha. Utasema karibu, hata kama ugali ni wa mtu mmoja. Huku mtu anakula mbele yako kama hupo.

Na geto kwangu Ixelles nako nakula peke yangu kitandani, simu ndiyo mwenzangu. Imekuwa hivyo tangu nifike.

Siku hiyo nadhani macho yaliniumbua. Mzee akacheka: "You're groaking."

Nika-google palepale. Groak, kitenzi cha zamani, Waingereza wenyewe wengi hawakijui. Wanasema kilitokea Scotland, ila chimbuko lake hakuna mwenye uhakika nalo. Maana yake ni kumkodolea macho anayekula, kimya, ukitegemea atakukaribisha. Kilitumiwa kwa mbwa na watoto walioganda mezani.

Yaani kudoea! Dume zima naambiwa nadoea. Iliniuma wakuu, maana supu yenyewe haina hata chumvi. Nilikuwa natamani kula na mtu tu.

Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kwetu lawama ni ya anayekula bila kukaribisha.

Kesho yake nakuta sahani mbili mezani. Akaniambia nikae.

Sasa mimi na malezi yangu ya Tanga, karibu ya kwanza haipokelewi, utaonekana una njaa. Nikasema asante, nimeshiba. Nikasubiri anibembeleze.

Mzee akairudisha sahani kabatini. Akala akiangalia ukuta. Kumbe huku ukisema umeshiba, basi umeshiba. Nilijisikia vibaya mno.

Jioni nikapika wali na maharage ya nazi. Siku iliyofuata nikafungua hotpot mezani kwake, nikavuta kiti, nikamwambia, "Karibu."

Akasogeza supu yake pembeni, akachukua kijiko. Yeye hakusema ameshiba.

Nilichojifunza, ugenini karibu ya kwanza ndiyo hiyohiyo ya mwisho. Ipokee.

Nyie mlio mbali na nyumbani, leo mmekula na nani?