Resi Mbili Langoni

Pikipiki ya baba haikuwahi kuwaka kwa upole. Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, silinda moja, nzito kama ng'ombe aliyegoma, na ukiikosea tu ilikurudishia kiki mguuni kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Baba alizunguka nayo vijijini kukagua tumbaku. Jioni akifika langoni kwetu Kwihara alipiga resi mbili kabla ya kuizima, na hiyo ndiyo ilikuwa hodi yake. Resi ya kwanza, mama alitusukumia uvunguni mwa kitanda, mimi na kaka yangu. Resi ya pili, alikuwa ameshasimama mlangoni kumpokea, na chochote kilichomkera baba huko alikotoka kilimalizikia usoni mwa mama. Sisi tulisikiliza makofi tukiwa kifudifudi sakafuni. Mama hakuwahi kurudisha mkono.

Baba akafa, injini ikashikana, kuku wakawa wanataga juu ya kiti cha pikipiki. Mimi nikahamia mjini, Isevya, kuuza vipuri, kaka akabaki na mama. Uzee ulipomkolea, mama akaanza kutusahau. Naingia, naamkia: "Shikamoo, mama." Ananijibu kwa adabu zote: "Marahaba, mgeni. Wenyeji wameenda shamba." Hata kaka, anayemchemshia maji ya kuoga kila asubuhi, naye ni mgeni. Iliniuma mpaka nikatamani kumpiga mtu, yeyote yule.

Nyuso alizisahau, lakini sauti hapana. Kengele ya kanisa ikilia, anatafuta kanga yake ya ibada. Kwa jirani wakitwanga, anauliza kama mahindi yamekauka vizuri. Nikajiambia, ipo sauti moja aliyoisikiliza kwa makini kuliko zote. Nikiirudisha, huenda na yeye akarudi.

"Una wazimu?" kaka aliniuliza. "Sauti ile ndiyo unataka kumletea?"

"Nataka aniite mwanangu."

"Na akikumbuka mengine je?"

"Ayakumbuke! Kuliko kunikaribisha kama mgeni kwenye nyumba nilimozaliwa."

Nikaifungua injini pale pale uani. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Nikailoweka kwenye dizeli, nikaweka kipande cha mbao ya mninga juu yake, nikaitwanga nyundo. Nasema kweli, nilifurahia. Kila pigo nilijua nampiga nani. Ringi mpya nilichongewa Nzega na fundi wa kerezo, mashine ya kuchongea vyuma, anayetengeneza pampu za machimboni, Mzaramo, mtani wangu. Akanicheka nilivyokuwa nahema na ile silinda begani: "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwetu, wewe Mnyamwezi gani unalemewa na kikombe cha chuma?" Nikamwambia babu zake walikuwa wanasubiri kupokea tu, na tukacheka wote.

Siku ya kuiwasha kulikuwa na baridi ile ya Juni, upepo unachoma masikio. Kaka alikuwa anapasua kuni. Mama amekaa mkekani na ungo wa maharage. Kwenye usukani wa pikipiki hizi kuna kiwiko cha kuchelewesha cheche; usipokirudisha nyuma kabla ya kupiga kiki, injini inalipuka kabla ya wakati wake. Mimi niliyejua hivyo tangu utoto nikakisahau. Kiki ikarudi, ikanichana muundi hadi nikaona weupe wa mfupa. Nikaruka chini nikitukana, nikashika spana, nikaanza kulibamiza tangi la mafuta, nikalibamiza tena na tena.

"Umeona?" kaka akasema. "Hujaiwasha bado, na ameshafika."

Nikamtandika ngumi ya pua. Akanivaa. Tukagaragazana kwenye vumbi, wanaume wazima wenye mvi kidevuni, damu yake kifuani kwangu, shati langu likachanika lote.

"Jamani wageni," mama akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "msipigane kwenye nyumba za watu."

Tukaachiana. Nilikuwa kifua wazi, natetemeka, kwa baridi au kwa hasira. Kwenye msumari ukumbini bado kulikuwa na koti la kaki alilovaa baba akiendesha pikipiki, nikalitwaa nikalivaa. Nikarudi kwenye pikipiki, nikakirudisha kile kiwiko, nikapanda, nikapiga kiki kwa uzito wangu wote.

Ikawaka. Kuku wakatawanyika, ekzosi ikatapika moshi mweusi, mshindo ukanipanda toka makalioni hadi kwenye meno. Nikapiga kelele za furaha. Kisha mkono wangu, bila kutumwa na mtu, ukapiga resi mbili.

Ungo ulianguka. Mama alikuwa ameshasimama, amemkamata kaka mkono, anamburuta ndani kwa nguvu nisiyojua aliitoa wapi. "Ingia uvunguni, mwanangu! Ingia!"

Mwanangu. Nikacheka peke yangu juu ya ile pikipiki kama mwehu. Amerudi!

Akatoka na mchi.

Mwanamke asiyeweza kunyanyua jagi la maji alikuja na mchi wa kutwangia ameuinua kwa mikono miwili, na mimi nimekaa na koti lile, na taya hili la baba nililorithi. Pigo la kwanza lilinipata begani, na nilisikia mtulinga ukivunjika juu ya mngurumo wa injini. La pili likasambaratisha taa. "Leo huingii!" alipiga kelele. "Huingii humu!" Nikaanguka, pikipiki ikanilalia mguu, na bado alikuwa anapiga, chuma na nyama bila kuchagua, mpaka injini ikakohoa ikafa.

Ningeweza kusema, mama, ni mimi. Lakini alikuwa ameisubiri sana siku hii, nami sikutaka kumnyang'anya.

Akautupa mchi, akaingia ndani. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona ameinama kando ya kitanda, anahema.

"Toka, mwanangu. Nimemuua. Mdogo wako yuko wapi?"

Kaka yangu, ambaye ameshapata mjukuu wa kwanza, alikuwa kweli uvunguni. Nilisikia sauti yake ikitokea chini huko, nyembamba.

"Yuko nje, mama. Anakuja."

Nikauvuta mguu wangu chini ya pikipiki. Nikalivua koti kwanza, kwa mkono mmoja, ndipo nikaingia.