Mchanga Uliorudi Asubuhi

Siku ile naikumbuka kwa rangi ya maji, mwanangu. Yalikuwa mazito, kama chai ya maziwa.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili wadogo zangu, Hamisi na Mwajuma, wapate kula. Nilichimba mchanga wa kujengea bondeni Jangwani pamoja na Mzee Mbawala, mtu wa Songea, tukausukuma kwa mkokoteni hadi Kariakoo. Tuliishi Magomeni, ng'ambo ya bonde, na watu wa mtaani kwetu walivuka mto mahali pamoja, penye mchanga mgumu na maji ya magotini.

Masika yalikuwa yamekolea. Hamisi alikuwa anatoka kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, na kifurushi chake amekishika juu ya kichwa. Mimi nilikuwa upande wa nyumbani. Nikamwona anakunja suruali.

"Hamisi, zunguka barabarani!"

"Kaka, hapa si napita kila siku? Uzee umekuanza lini?"

Akaingia huku anacheka. Maji yakamfika magotini kweli, kisha kiunoni, kisha sikumwona tena. Nilijitosa, mkondo ukanitupa kwenye matete. Tulimpata jioni, chini kidogo, pale mto unapopanuka na kutulia, mchanga umemfunika nusu.

Tulipotoka kumzika asubuhi, maji yalikuwa yamepungua. Watu wakaenda kutazama pale alipozama. Palikuwa vile vile: maji ya magotini, mchanga umetandazwa vizuri. Basi minong'ono ikaanza. "Hapa mtu anazamaje? Huyu alikuwa amelewa tu." Mwajuma alirudi kutoka bombani na ndoo tupu, analia. Kumpoteza Hamisi kuliniumiza, lakini kusikia anasemwa hivyo, naye hana mdomo wa kujibu, kulinikata maini.

Mzee Mbawala hakunipa pole nyingine. Aliwainua watu kwenye mkeka wa msiba, akawapeleka mtoni. Akaingia majini, akachomeka mpini wa koleo mchangani. Ukazama wote, mkono wake ukafuata hadi begani.

"Mchanga huu umekuja usiku," alisema. "Maji yakiwa na kasi hayapiti juu ya mchanga. Yanaung'oa, yanaondoka nao. Jana hapa palikuwa shimo. Yalipopoa, yakashusha mwingine pale pale. Marehemu alikuwa na akili zake timamu. Kilichokosekana ni ardhi."

Mwajuma akasogea ukingoni. "Babu, ingiza tena," akasema. Mzee akaingiza tena, polepole, ili kila mtu aone.

Nimeishi na jambo hili miaka mingi, ndiyo maana nakuambia. Mto ukibadilika rangi, usivuke, hata kama jana ulicheza hapo. Chini ya maji yale hakuna chini unayoijua. Zunguka, chelewa, waache wakucheke. Na ukisikia mtu ameangamia mahali unapopaona pepesi, usifanye haraka kumwita mzembe. Shimo lililommeza hukuliona. Ulipofika lilikuwa limeshafukiwa.

Mungu akuweke penye ardhi ngumu, mwanangu, na siku utakayonyamaza, akujalie mtu wa kukusemea.