Vichwa vya Manasseh

Manasseh wa Kiogoro alirudi kutoka vita vya Somalia akiwa na viungo vyake vyote, na majirani wakamshukuru Mungu kwa kumlia mbuzi wake. Aliyebaki huko ni rafiki yake Osewe. Walikuwa wamelala hema moja na kula maharagwe ya mkebe kwa kijiko kimoja, lakini kadiri miaka ilivyopita, sura ya Osewe ilianza kumtoka Manasseh akilini. Jambo hilo lilimtisha kuliko risasi.

Ndipo alipoanza kufinyanga. Alichota udongo kule mtoni wanakofyatulia matofali, akaketi chini ya migomba, akafinyanga kichwa cha Osewe. Mkewe, Kwamboka, alileta uji, akakitazama, akasema amempatia Mzee Mose wa kanisa la Wasabato sawasawa, hata ule mdomo wake wa kukataa mambo. Manasseh akafinyanga kingine. Kikatoka karani wa kituo cha majani chai. Kilichofuata kilikuwa Roselyne wa duka la unga, tena na ndevu.

Hakutupa hata kimoja. Alivichimba ndani visipasuke, akavichoma kwenye tanuri pamoja na matofali, kisha akavipanga ukutani karibu na njia. Hapo ndipo amani ya Kiogoro ilipovurugika. Mzee Mose alifika Jumamosi baada ya ibada kuuliza kama sanamu yake inaruhusiwa na amri za Mungu, na alipoambiwa kuwa yule si yeye, aliudhika zaidi. Karani alitaka apunguzwe mashavu. Wale ambao hawakujiona ukutani nao wakanuna, wakauliza wao wamemkosea nini Manasseh.

Kwamboka hakuyacheka hayo, kwa maana alijua kinachomsumbua mumewe. Anyiko, mama yake Osewe, alikuwa akiuza dagaa wa omena sokoni Keumbu, si mbali, na Manasseh hakuwa amewahi kumwendea. Kila alipomwona alijibanza nyuma ya magunia ya maparachichi, jitu zima lililofunzwa na serikali kukabili adui. Alijiambia kwamba ataenda siku atakapokuwa na uso wa Osewe wa kumpelekea, maana wake mwenyewe aliuonea haya.

Habari za vichwa zikamfikia Anyiko kwanza. Alifunika omena zake, akapanda bodaboda, akaja. Alimkuta Manasseh na kichwa kipya, bado kibichi, kizuri kupita vyote: pua nyoofu, paji pana, macho ya kuona mbali. Manasseh alitafuta pa kujificha, lakini mgomba haumfichi mtu mnene. Anyiko alimsalimu, akakizunguka kile kichwa.

"Hii si Osewe," akasema. "Hii ni mtu wa kuuza bima."

Kwamboka akaziba mdomo kwa leso. Anyiko hakungoja kuruhusiwa. Alilowesha mikono, akaibonyeza pua mpaka ikalala, akakwangua ushujaa wote kwenye lile paji. Kisha akabandika masikio, makubwa, yaliyochomoza pembeni bila aibu. Na Osewe akawa pale, karibu aombe chumvi. Manasseh alifurahi hadi akasahau kujificha.

"Na ulikuwa unamjua mtoto yangu," Anyiko akamwambia. "Masikio uliachia nani?"

Manasseh aliyaangalia masikio yale. Alikuwa ameyakumbuka siku zote.

"Mama, helmeti ilikuwa inamuumiza masikio. Hiyo siku ya risasi aliitoa ayapumzishe kidogo. Sisi tulikuwa tunamcheka."

Machozi yalimshuka Anyiko, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imejaa matope.

"Na yeye alikuwa anacheka?"

"Sana, Mama. Kutushinda."

Anyiko akakigeukia kile kichwa, akazamisha kidole gumba katika udongo, akamfungua mwanawe mdomo mpaka meno.