Senti Yenye Tundu Chini ya Lori

Kaka yangu Clavery alikuwa na maradhi mawili: kifua, kilichombana kila masika, na wivu, ambao haukusubiri masika. Kifua tulikitibu kwa asali. Wivu alizeeka nao, na mimi Anatolia, niliyekaa naye kibanja kimoja cha migomba pale Nshamba, niliushuhudia mpaka ukanichosha.

Alikuwa fundi magari pekee kijijini petu, miaka ile ya ujamaa ambayo vipuri tulivisikia redioni tu. Ufundi aliusomea Bukoba mjini, kwa Mhindi mmoja, akarudi nyumbani na vitu viwili: sanduku la spana na mke. Mke ni Immakulata, binti wa Nshambya, huko huko Bukoba mjini, mpole, mwenye kicheko cha chini chini. Shingoni alivaa uzi mmoja wenye medali ya Bikira Maria na senti tano ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati. Wakati huo senti hizo zilikuwa hazinunui tena hata njiti ya kiberiti.

Clavery aliamini anajua senti ile ilikotoka. Kabla yake, kijana mmoja dereva wa Nyanga, jina lake Datius, alipeleka posa kwa kina Immakulata. Wazee wakaikataa kwa kuwa yeye ni Mlutheri na wao ni Wakatoliki. Basi kaka akakata shauri kwamba senti ni ya Datius. Hakuuliza hata siku moja. Mwenye wivu haulizi, anajijibu mwenyewe.

Sasa lori la ushirika likaja Nshamba kubeba kahawa, na dereva wake mpya akawa nani? Datius huyo huyo, ana viatu vya kung'aa na shati lililopigwa pasi. Akaja kuliegesha mbele ya nyumba yetu, kahawa ya watu imejaa nyuma.

"Hodi waitu, fundi," akasema kwa adabu ya Kihaya. "Oili inaniishia njiani."

Clavery akaingia uvunguni. Bolti ya kumwagia oili, ile inayoziba tundu chini ya injini, ilikuwa inadondosha. Washa yake ya shaba, ile pete inayokaa kati ya bolti na injini, ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama ukucha, na bila washa bolti haizibi hata uikaze vipi. Datius akapeleka ujumbe ushirika Bukoba kuomba nyingine, wakajibu kwamba ghalani hakuna. Dereva hawezi kuacha kahawa ya watu barabarani, na mgeni hafukuzwi. Datius akalala kwetu. Immakulata akamletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ndani ya kikapu kidogo, akapiga goti kama desturi inavyotaka. Wanawake wote wa kwetu hupiga goti hilo, lakini kaka siku hiyo aliliona kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani ila bolti ile izibe na Datius aondoke.

Akakata washa kutoka kwenye lubugo, nguo ya magome ya mti ya marehemu baba. Sisi Wahaya tunaamini lubugo linaweza kila kitu, kwani limebeba watoto na kufunika maiti. Lakini oili ya moto hailiheshimu. Kisha kila alipokuwa akikaza na kusikia kicheko cha mkewe jikoni, mkono ulizidisha nguvu na lubugo likakatika. Alikata jingine, likakatika nalo. Ningemwambia akae mbali na jiko wakati wa kukaza, lakini nani angenisikiliza?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kaka akampa jembe kweli, akitumaini ataona aibu aende akalale hata kwenye kibanda cha lori. Datius akalipokea, akapalilia maharage ya Immakulata migombani huku akiimba nyimbo za kanisani kwake. Wifi akasema, "Jamani, mtu huyu anajua kulima!" Clavery hakugusa ndizi zake jioni ile.

Alikuwa anatazama shingo ya mkewe.

"Nipe hiyo senti," akasema, mbele ya mgeni.

Immakulata akaifunika kwa mkono. "Hii?"

"Hiyo. Ni shaba, na ukubwa wake unatosha."

"Baba Mwijage, Nshamba nzima hakuna shaba nyingine?"

"Kwani unaionea uchungu?"

Wifi akafungua uzi, akaifuta senti kwa khanga yake, akaiweka mezani. Kaka akauona ule uchungu na moyoni akasema, nilijua.

Asubuhi akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini ili ilainike, akapanua tundu kwa tupa. Sijaona mtu akipiga tupa kwa raha namna ile. Akaivisha bolti, akakaza taratibu, bila hasira. Akarudisha oili, injini ikaunguruma mpaka ikapata moto. Tulitandika jani la mgomba chini yake, nalo likabaki kavu.

"Ahsante, fundi," Datius akasema. "Shemeji, kwaheri." Lori likashika njia ya Bukoba.

Kaka akanawa mikono akitabasamu. "Senti yake nimemrudishia."

"Ya nani?" akauliza Immakulata.

"Ya Datius wako."

"Datius hajawahi kunipa hata pipi. Ile ulinipa wewe."

"Mimi?"

"Sokoni Bukoba, ulipokuja kununua karanga zetu na mikono imejaa grisi. Ndiyo siku nilipokuona mara ya kwanza. Mama alitaka niitie koponi na senti zingine za mauzo, nikaificha."

Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Kaka akatoka na taulo mkononi kuitazama njia ya Bukoba.

Lori lile lilirudi kila msimu wa kahawa. Hata kabla injini haijapoa, Clavery alikuwa tayari amelala chini yake, akipapasa bolti kwa vidole. Bila kuvuja hakuwa na sababu ya kuifungua na kuitoa senti ya mkewe, na kumwambia Datius ukweli, afadhali afe. Watu wakamsifu: fundi wa kweli hukagua kazi yake. Datius naye akajigamba kila aliposimama kwamba tangu siku ile halijadondoka tone.

Kaka akatoka uvunguni, akajifuta vumbi, akaitikia. Mimi peke yangu nilijua kwamba tone hilo moja ndilo alilokuwa akilitafuta.