Vikapu Vilivyomtuliza Papa Fanny

Saa mbili asubuhi, mashine ya kusaga unga inanguruma karibu na soko la Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, na mwendeshaji wake amejaa unga hadi kwenye nyusi. Isidore Wilondja, mwenye umri wa miaka 56, anamimina muhogo mkavu, anasikiliza mlio wa injini, kisha anaketi juu ya debe na kuchomoa sindano kubwa kutoka kwenye kofia yake. Anashona kikapu.

"Papa Fanny, muhogo yangu imeisha!" mteja anapaza sauti, akimwita kwa jina la bintiye.

"Ngoja kidogo, Mama. Niko namaliza muzunguko."

Mteja anangoja. Anamkumbuka Isidore wa mwezi wa pili, na wa sasa ni afadhali.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, bintiye Fanny, 25, ambaye ni kitinda mimba, alipanda boti kwenda Kalemie kuanza kazi ya uuguzi. Isidore alimsindikiza hadi ufukweni na kumkabidhi gunia la unga. Boti ilikuwa ingali inaonekana alipompigia simu ya kwanza.

"Nilimuuliza kama amefika," anakiri.

Baada ya hapo alipiga mara nane kwa siku. Umekula? Umefunga mlango? Siku moja Fanny hakupokea, kwa hiyo Isidore akatafuta namba ya mkuu wake wa kazi na kumuuliza kama Fanny analala ndani ya chandarua. Mkuu huyo alikuwa kikaoni na wauguzi wote, na simu ilikuwa kwenye spika.

Fanny hakupokea simu zake siku tatu.

"Batu banasema mashine iko na kelele," anasema Isidore, akiacha kushona. "Mi nilizoea kelele ya Fanny. Nikifika kwetu mangaribi, kimya. Nilikuwa nakaa inje, sipendi kuingia."

Mawazo hayo yalihamia kazini. Alisaga mahindi ya mteja mmoja pamoja na muhogo wa mwingine, na wawili hao nusura washikane mashati.

Aliyemwokoa ni Capitoline, mkimbizi kutoka Burundi anayeuza vikapu sokoni. Alikuja kusagisha muhogo, akamkuta Isidore amepanda juu ya tofali akitafuta mtandao. Akamwekea mkononi fungu la majani makavu na sindano.

"Nilimwambia, Papa, mukono ikipata kazi, simu nayo itapumuzika," anasema Capitoline. "Lakini ile kikapu ya kwanza! Nilipiga magoti nikaomba Mungu anisamehe kwa kumufundisha."

Kikapu hicho hakikuweza kusimama. Mkewe, Suzanne, alikizungusha mara mbili akitafuta mdomo wake. "Nilimuuliza, Papa Fanny, hii ni kofia ao ni ugonjwa?"

Isidore hakukata tamaa. Alishona, akafumua, akajichoma vidole, akashona tena. Pole pole akaanza kuingia nyumbani mapema ili ashone kabla giza halijaingia. Cha tano kilisimama. Cha saba kilinunuliwa, na mnunuzi hakuwa ndugu yake.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa tano. Alikuwa akifunga ukingo, sehemu ngumu kuliko zote, simu ikalia.

"Papa, uko muzima?" aliuliza Fanny. "Leo haukupiga hata mara moja!"

"Niko muzima. Nipigie kesho, niko nahesabu."

Kwa simu kutoka Kalemie, Fanny anacheka anapokumbuka. "Nililia kidogo. Nilizani amenisahau. Sasa ni mi namutafuta."

Siku hizi Isidore anapiga mara moja, baada ya chakula cha jioni, na Suzanne anasema mara nyingine hata hiyo ni lazima amkumbushe. Wiki hii anamalizia kikapu chake cha kumi na mbili, kikubwa, chenye mfuniko, cha Fanny kuwekea nguo. Mwezi wa nane atapanda boti kumpelekea mwenyewe.

Fanny amemkubalia siku nne. Isidore anataka wiki mbili.

"Tuko tunaongea bado," anasema, akitia uzi kwenye sindano. "Sina haraka."